Wachavushaji na Mustakabali wa Mikoko ya Burgao

Mjadala wa kuhifadhi mikoko ya Burgao, kusini mwa Somalia, kama ulivyo kwingineko katika pwani yetu, umezoea kuanzia kwenye shoka. Wabajuni wamekata boriti kwa vizazi vingi, na majahazi yakazipeleka Uarabuni na Ghuba. Upande wa pili wa mpaka, Kenya ilipiga marufuku kuzisafirisha nje mwaka 1982. Hofu ya shoka ina msingi. Hata hivyo, mti kutokatwa ni jambo moja na mti kuzaa ni jambo jingine. Uhifadhi unaohesabu miti bila kuwatazama wachavushaji wake unaweza kutuachia msitu uliosimama lakini usiozaa.

Muia (Bruguiera gymnorrhiza), ambao kusini zaidi huitwa msinzi, unalionyesha hilo waziwazi. Ua lake lenye kikombe chekundu huning'inia likitazama chini. Ndani yake kila petali imejikunja na kufumbata stameni mbili, zimebanwa mithili ya mtego uliotegwa. Ndege chozi anapopenyeza mdomo kutafuta mbochi, akaigusa petali sehemu ya chini, petali hupasuka ghafla na chavua humrukia usoni. Anakwenda nayo kwenye ua jingine. Mkandaa (Ceriops tagal), jamaa yake wa karibu, nao hufyatua chavua vivyo hivyo, ila maua yake ni madogo na meupe, na wanaoyajia ni nondo wa usiku. Miti miwili ya familia moja, katika tope lile lile, imegawana mchana na usiku.

Mlilana (Sonneratia alba), unaoota mbele kabisa upande wa bahari, huchanua jua likizama. Stameni zake nyingi nyeupe hutawanyika kama brashi, na asubuhi huanza kudondoka. Ni ua la popo na nondo wakubwa. Huko Malaysia imejulikana kwamba popo wanaolala mapangoni huruka makumi ya kilomita kwa usiku mmoja kuifuata miti ya jamii hii. Kwa hiyo pango lililo mbali na bahari linaweza kuwa na sehemu katika uzazi wa mti unaosimama majini.

Mchu (Avicennia marina) hutegemea zaidi nyuki na wadudu wengine. Lakini mchu hauchanui mwaka mzima, na kundi la nyuki halina budi kula kila msimu. Sehemu ya chakula hicho hutoka bara, kwenye maua ya migunga, na migunga ndiyo iliyoteketezwa kwa ajili ya makaa yaliyopakiwa melini Kismayo. Biashara hiyo ilikua kiasi kwamba Februari 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 2036, lilipiga marufuku makaa ya Somalia. Wengi waliitazama kama suala la fedha za vita. Mimi nasema ilikuwa pia suala la mikoko, maana anayekata mgunga bara anampunguzia mchu wa pwani nyuki wake.

Mtu anaweza kupinga akisema kwamba mkoko wenyewe (Rhizophora mucronata) huchavushwa zaidi na upepo. Ni kweli, na hapo ndipo penye hatari. Miche yake mirefu, inayoota ingali juu ya mti mama, huchomekwa topeni kwa urahisi, hivyo miradi mingi ya upandaji huipendelea. Shamba la mkoko mtupu laweza kunawiri hata baada ya chozi, nondo na popo kutoweka. Kunawiri kwake si ushahidi wa afya ya msitu.

Mradi wa Mikoko Pamoja wa Gazi, Kenya, ulioanza mwaka 2013, umethibitisha kuwa wanakijiji wanaweza kulinda mikoko na kuuza hewa ukaa. Burgao inastahili mradi wa namna hiyo, lakini kipimo chake kisiwe hewa ukaa pekee. Yahesabiwe pia maua ya muia na mlilana yanayofikia kuwa matunda. Atakayeupanga aanze kwa kuwauliza wakata boriti na warina asali mti gani huchanua lini, na migunga ya bara pamoja na mapango ya popo aviweke ndani ya mpaka wa hifadhi.