Kabla ya mfuniko kulikuwa na koleo

Bega la nguruwe (haya, kitimoto) halitaki haraka. Limejaa kolajeni, ambayo nyama ikipita nyuzi joto 70 hivi huanza kuyeyuka taratibu kuwa jelatini. Ukiwasha moto mkali, nje inaungua na ndani bado ni mpira. Ndiyo maana kwenye jiko dogo la mkaa unasukuma mkaa upande mmoja, nyama unaiweka upande wa pili, unafunika na kubana matundu ya hewa. Hapo subiri saa kadhaa.

Mfuniko huo tunamshukuru George Stephen, fundi wa Weber Brothers Metal Works, Chicago. Mwaka 1952 alikata boya la chuma, akapata jiko na kifuniko chake.

Lakini ujuzi wenyewe ulikuwepo zamani. Kusini mwa Marekani, wapishi Weusi waliofanywa watumwa, ambao wengi wao majina hayakuandikwa, walikesha kando ya mashimo marefu, nguruwe mzima akiwa juu. Unachofanya wewe kwa kufunga tundu, wao walifanya kwa koleo: moto ukishuka, walichota makaa kwenye kuni zilizowaka pembeni, wakayatandaza chini ya nyama, kidogo kidogo, mpaka asubuhi.