Baraza Yetu ya Taarab Mtandaoni

Ndugu zangu wa ukoo, kamati ya kitabu hiki imenitaka niandike habari za ukurasa wa taarab nilioutengeneza hapa London mwaka 1997, ambao wengi wenu mliutembelea na ambao vijana wetu hawakupata kuuona. Nimekubali, ingawa sehemu ya habari hizi yanitia haya.

Kwanza nieleze zama zenyewe. Tarehe 30 Aprili 1993 maabara ya CERN, huko Uswisi, iliiweka wavuti mikononi mwa watu wote bila ya malipo. Mwaka uliofuata David Bohnett na John Rezner walianzisha huko California kampuni iliyokuja kuitwa GeoCities, iliyompa kila aombaye kiwanja cha bure. Viwanja hivyo vilipangwa kwa mitaa: wapenzi wa filamu Hollywood, wa muziki wa roki SunsetStrip, wa hadithi za sayansi Area51, na kila ukurasa ukawa na nambari yake kama nyumba. Sisi watu wa Unguja hatuhitaji kufundishwa maana ya mtaa. Mwaka 1995 kijana mmoja wa Oregon, Sage Weil, alibuni WebRing, mnyororo ambao kila ukurasa ndani yake humwelekeza msomaji kwa jirani aliye mbele na aliye nyuma. Hivyo ndivyo wapenzi wa jambo moja walivyojuana bila ya kuonana.

Mimi nilipanga kwingine, kwa kampuni ndogo. Sikuwa fundi. Kila usiku, watoto wakishalala, nilikaa nikiandika alama moja moja kwa mkono, na alama moja ikikosekana ukurasa mzima hupinda. Picha ya kilobaiti 100 ilichukua karibu nusu dakika kufika kwa simu ya nyumbani, na mke wangu alikuwa akisubiri simu hiyo hiyo. Niliandika habari za Siti binti Saad na safari yake ya Bombay ya mwaka 1928 kwenda kurekodi santuri, na za Ikhwani Safaa, iliyoasisiwa mwaka 1905. Nikadhani hayo ndiyo yatakayowavuta watu.

Sivyo. Walivutwa na kitabu cha wageni. Humo walibishana, kwa adabu na pengine bila ya adabu, nani alipiga fidla katika santuri fulani. Na humo, mwaka 2000, marehemu ami yetu wa Maskati alimsomea binti yake maneno ayaandike: namna bibi alivyonunua gramafoni, akaiweka dirishani, na jirani wakajaa barazani hata njia ikazibika. Aliwataja waliokaa, mmoja mmoja, na nani mtoto wa nani. Alitaja hata aliyekuwa akizungusha mpini. Sijui maandishi mengine ya ukoo wetu yenye majina yale yote pamoja.

Mwaka 2004 kampuni ile ndogo ilifunga milango. Taarifa ilikuja kwa anuani niliyokwisha kuiacha, nami sikuwa nimeweka nakala. Kosa ni langu. GeoCities nayo, iliyonunuliwa na Yahoo mwaka 1999, ilifungwa tarehe 26 Oktoba 2009, lakini huko walitokea watu wa kujitolea, Archive Team, wakakimbilia kunakili walichoweza. Sisi hatukuwa na wa kutukimbilia. Internet Archive ilihifadhi uso wa ukurasa wetu. Kitabu cha wageni hakimo.

Dada mmoja wa Birmingham aliniambia mazikoni mwaka jana kwamba wakati ule alimchapia mama yake maneno ya ami kwenye karatasi, zikawekwa sandukuni. Naye si peke yake, naamini. Tafadhali fungueni masanduku kabla ya mkutano. Mwenye karatasi hizo, hata kipande, aje nacho Jumamosi; nitakaa meza ya karibu na mlango, nina mashine ya kunakilia, na karatasi yake atarudi nayo nyumbani.