Manusura, Si Mhanga

Nimewekewa mezani kipeperushi cha kuwaelekeza wanajeshi waliobakwa kambini wafanye nini mwanzo. Nia ni njema, Kiswahili chake kinatia uchungu. Aliyebakwa humo anaitwa “mhanga”. Bila shaka ni kazi ya kamati. Mtu mmoja hathubutu kukosea kwa ujasiri wa namna hiyo.

Jeshini mhanga anajulikana. Ni yule aliyejitoa mhanga, akabaki nyuma kuwazuia maadui ili wenzake warudi salama. Anapigiwa saluti. Sasa mpe jina hilo kuruta aliyeingiliwa kwa nguvu na mkuu wake, kisha msikilize wakili wa mshtakiwa akilichezea neno mbele ya Mahakama Kuu ya Kijeshi ya Uganda kule Makindye: kama alijitoa, kosa liko wapi?

Wengine wamekimbilia “mwathirika”. Kiambishi -ik- kinamfuta mtenda: kikombe kimevunjika, aliyekivunja hasemwi. “Mwathiriwa” angalau lina mtu nyuma yake, na katika hati ya mashtaka silikatai. Isitoshe, kwa miaka mingi “waathirika” limegandana na UKIMWI hata likitajwa tu watu wanawaza virusi. Ndilo jina la kumpa mtu anayesubiri majibu ya kipimo cha VVU?

Langu ni manusura. Mzizi wake ni n-s-r wa Kiarabu, wa kusaidia na kuleta ushindi, uliotuzalia akina Nassor, Nasra na Mansour wa pwani. Mansur ni aliyesaidiwa akashinda, na manusura ni huyohuyo akiwa amevaa sauti za Kibantu. Kwa hiyo neno lenyewe linadai awepo wa kumnusuru: mkunga, mpelelezi, afande asiyefunika mambo. Tena ma- yake si ya wingi. Ni manusura mmoja, manusura kumi, mwanamke au mwanamume. Anayeandika “mnusurika” akidhani anasahihisha, anasahihisha kisichokosewa.

Msomi mmoja, ambaye adabu inanizuia kumtaja, alinikejeli kikaoni: aliyenusurika kifo hakufa, basi manusura wa ubakaji hakubakwa. Hoja ina meno. Lakini manusura wa MV Bukoba, iliyozama Ziwa Viktoria mwaka 1996, walinusurika nini? Meli ilizama nao wakiwamo; walitoka hai katika jambo lililowapata. Nomino imepanuka, kitenzi kimebaki palepale. Ndiyo maana katika maelezo ya polisi iandikwe waziwazi “alibakwa”. “Alinusurika kubakwa” ni jaribio, kosa jingine lenye kifungu chake katika sheria ya makosa ya jinai ya Uganda, na karani mzembe anaweza kuipunguza kesi kwa kitenzi kimoja. Msomi wangu hilo hakulifikia. Alikuwa anatafuta kicheko.

Wala sibishani kwa starehe ya kamusi. Katika nchi hii Kiswahili kilikuwa lugha ya King's African Rifles, jeshi la wakoloni, kikabaki lugha ya kambi, na kwa wazee wengi wa Kampala bado kinasikika kama kizuizi cha barabarani cha zama za Amin. Marekebisho ya katiba ya 2005 yalikitambua kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe shuleni kwa lazima, lakini kuruta hakungoja shule. Ameamrishwa kwa Kiswahili, pengine ametishwa kwa Kiswahili, na malalamiko yake yatapanda kwa afande kwa lugha hiyohiyo. Jina atakalopewa humo litatangulia ushahidi wake.

Mengine kipeperushi kimeyapatia. Hospitali kwanza, ndani ya saa 72, kwa dawa za kuzuia VVU. Za kuzuia mimba zinafaa hadi saa 120. Asioge kabla ya kupimwa, nguo ziwekwe katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Matibabu yasingoje fomu. Fomu ya Polisi 3A, inayojazwa na mhudumu wa afya, ni ya ushahidi. Simu ya bure ni 116, inayoitwa Sauti: neno la Kiswahili ambalo kila Mganda analielewa na ambalo halina harufu ya kamati.