Mbonyeo: Namba Iliyo Kinyume na Neno Lake

Katika duka moja la vifaa vya michezo Kariakoo, Dar es Salaam, kijana alikuwa akibinya mpira wa gofu kwa dole gumba kama mtu anayechagua parachichi sokoni. Akaubinya, akaugeuza, akaubinya tena. Muuzaji akamwambia, "Huu laini, kaka. Kompresheni themanini." Kijana akauliza kama themanini ni kubwa au ndogo. "Ndogo. Ndiyo maana unagandamizika zaidi." Kijana akanigeukia, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wao pale. "Shikamoo mzee. Hivi kompresheni ikiwa ndogo, mpira unagandamizika zaidi kivipi?"

"Marahaba," nikamwitikia, na swali lake nimetembea nalo tangu siku hiyo. Muuzaji alisema kweli. Kijana naye alikuwa na haki ya kushangaa. Tatizo liko kwenye neno.

Neno hilo lina ndugu na makazi mengi katika mji huu. Hapo jirani, Gerezani, fundi akikuambia injini imeishiwa kompresheni, ana maana kwamba hewa na mafuta havibanwi sawasawa ndani ya silinda. Watabiri wa hali ya hewa wana mgandamizo wa hewa. Hospitali ina shinikizo la damu. Vitabu vya fizikia vina kanieneo, neno lililoundwa kwa kuunga kani na eneo, na kwangu ni mojawapo ya istilahi safi kabisa tulizonazo, kwa sababu linajieleza lenyewe: kani iliyotandazwa juu ya eneo. Maneno yote hayo yanatazama upande mmoja, upande wa nguvu inayokilemea kitu. Basi mfasiri akilikuta neno hilo la Kiingereza, kompresheni, kwenye boksi la mipira ya gofu, kalamu yake hukimbilia mgandamizo. Kwa injini na kwa hewa, mgandamizo unafaa. Kwa mpira wa gofu unapotosha.

Tazama kipimo chenyewe kinavyofanya kazi. Mpira huwekwa kwenye mashine, hulemewa kwa mzigo uliokubaliwa, kisha huangaliwa umebonyea kiasi gani. Usiobonyea hata chembe hupewa 200. Kwa kila sehemu moja ya elfu ya inchi unayobonyea, hupunguziwa alama moja. Kwa hiyo mpira wa 100 umebonyea milimita 2.54, na ule wa 80 umebonyea milimita 3.05. Ile mipira laini kabisa, ya 40 hivi, hubonyea milimita 4 na ushee. Namba inahesabu ukaidi wa mpira, yaani kile kilichobaki baada ya mpira kusalimu amri kidogo. Ukiandika "mgandamizo 100" kwenye boksi, msomaji wa Kiswahili atadhani ndio uliogandamizwa kuliko wenzake, kumbe ndio uliogoma.

Kiswahili hakikuwa na sababu ya kuingia katika mkanganyiko huu, maana chenyewe hutenga tendo na tokeo. Kubinya, kubana, kugandamiza: haya ni matendo ya anayefanya. Kubonyea ni kinachokipata kitu. Yule kijana aliubinya mpira, lakini mpira haukubonyea. Sentensi hiyo hata mtoto wa shule ya msingi haimpi shida. Kutoka elekea tumepata mwelekeo. Kutoka bonyea tunapata mbonyeo, nalo ndilo ninalopendekeza. Pendekezo langu lina nusu ya pili: tuiache ile namba ya mia mbili kasoro, tutaje milimita. Mpira wa mbonyeo wa milimita 2.5 ni mgumu, wa milimita 4 ni laini. Neno na namba vitakwenda njia moja, na muuzaji wa Kariakoo hatakuwa na kazi ya kueleza kwa nini ndogo ni kubwa. Anayelazimika kuishika namba ya kiwandani, basi aiite ugumu. Ugumu 80, ugumu 100. Hapo hakuna atakayepotea.

Inanisikitisha kwamba mzizi huu tumeuachia simu. Siku hizi bonyeza ni kugusa tarakimu: bonyeza moja, bonyeza nyota. Kioo cha simu hakibonyei, lakini tunaendelea kukibonyeza, na maana ya kwanza ya neno, ile ya kuacha shimo, inafifia masikioni mwa vijana. Na mpira wa gofu unatudai maana hiyo mara mbili, kwa sababu vile vishimo vilivyotapakaa juu ya ganda lake jina lake linatoka mzizi uleule. Vishimo vya mashavuni, ambavyo vijana wa mjini huviita dimpozi hadi mwanamuziki akajiita Ommy Dimpoz, watu wa pwani wanavijua kama vibonyo, au vibonyeo. Kibonyeo ni alama ya kudumu, kiko katika ki-vi pamoja na vitu. Mbonyeo ni tukio la kufumba na kufumbua, liko katika m-mi pamoja na mwendo na mwelekeo. Ngeli zimetufanyia kazi ambayo Kiingereza kimehitaji maneno mawili yasiyo na udugu.

Vibonyeo si urembo. Wachezaji wa karne ya 19 waligundua kwamba mipira yao ya utomvu mgumu, ikishachakaa na kujaa mikwaruzo, iliruka vizuri kuliko mipya. Mwaka 1905 Mwingereza William Taylor alipata hataza ya mpira wenye vibonyeo vilivyopangwa. Leo mpira mmoja huwa navyo kati ya 300 na 400 hivi. Vinaivuruga hewa iliyo karibu na ganda, hewa hiyo inaung'ang'ania mpira hadi nyuma zaidi kabla ya kuachana nao, na mkia wa msukosuko unaouvuta nyuma unakuwa mwembamba. Mpira usio na vibonyeo ungefika karibu nusu tu ya safari.

Sasa, je, mbonyeo una uzito gani kwa mchezaji wa ridhaa? Naomba nilishike kidogo neno hilo, maana nalipenda. Wengine hulichanganya na riadha, lakini yametoka katika mizizi miwili tofauti ya Kiarabu. Riadha ni mazoezi ya mwili. Ridhaa ni kuridhia. Tuna ngumi za ridhaa na ngumi za kulipwa, na gofu hali kadhalika. Mchezaji wa ridhaa anacheza kwa kuridhia kwake, na huyo ndiye anayesimama dukani akibinya mipira, kwani hakuna kampuni inayomletea boksi nyumbani.

Imani aliyouziwa ni kwamba mwenye mkono wa polepole hawezi kuubonyeza mpira mgumu, hivyo anunue laini. Tupige hesabu. Kanuni zinataka mpira usizidi gramu 45.93. Mchezaji wa kawaida anautoa kwa kasi ya mita 55 hivi kwa sekunde, na mpira unakaa kwenye uso wa fimbo kwa nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Gawanya, utapata nguvu ya wastani inayolingana na uzito wa kilo 500. Magunia matano ya mahindi, ya kilo mia mia, yanalala juu ya mpira kwa muda ambao jicho haliuoni. Dole gumba la dukani haliwezi kutuambia lolote kuhusu hilo. Mpira wa 100 unabonyea kwa mzee wa miaka 70 kwenye uwanja wa Gymkhana, na unabonyea kwa askari kijana kwenye uwanja wa Lugalo. Kinachotofautiana ni kiasi tu. Tena mipira migumu kwa kawaida hutoka na kasi kubwa kidogo, kwa mkono wa haraka na kwa mkono wa polepole. Katika mpigo mrefu tofauti ya mipira ni mita chache. Sentimita moja nje ya kitovu cha uso wa fimbo hula zaidi ya hapo. Hata mahali hubadilisha zaidi: mtu yuleyule akiuchukua mpira wake kutoka Gymkhana, ambako upepo wa bahari unafika, akaupige Arusha, kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi ya kule itamwongezea asilimia 5 hivi.

Pale ambapo uchaguzi unaonekana kwa macho ni karibu na shimo, na hapo anayetawala ni ganda. Ganda la yurethani ni laini, mifereji ya fimbo inalikamata, mpira unatoka ukizunguka kinyumenyume kwa nguvu na kutulia haraka ukitua. Ganda la ionoma ni gumu na la kudumu, halikamatwi sana, mpira ukitua unaendelea kubiringika. Watengenezaji Titleist walipoleta mpira wa Pro V1 mwaka 2000, walikuwa wameweka ganda la yurethani juu ya kiini kigumu kisicho cha nyuzi, na kwa muda mfupi mipira ya nyuzi za mpira iliyotawala karne nzima ikatoweka kwenye mashindano. Mipira ya namna hiyo ni ghali. Anayepoteza mitano kwenye majani kila akicheza anaweza kuishi vizuri na ionoma, mradi ajifunze kubiringika kwake.

Kujifunza huko ndiko kunakokosekana. Wengi wetu tunacheza na mipira ya kuokotwa, ile wanayotuuzia vijana wanaobeba mikoba ya wachezaji, na mfukoni unakuwa na aina sita. Mpigo wa mita 30 uliopigwa vilevile unatulia leo, kesho unavuka. Tunalaumu mkono. Ningekuwa na uwezo wa kumpa mchezaji wa ridhaa jambo moja, nisingempa mpira wa bei. Ningempa mipira kumi na miwili ya aina moja, hata kama ni ya kuokotwa.

Kule dukani haya yote hayakunijia. Nilichofanya ni kumwomba muuzaji audondoshe mpira wa 80 sakafuni, kisha ule wa 100 aliokuwa nao rafuni. Wa 100 ukalia ti! Wa 80 ukalia kwa sauti nzito zaidi, du. Ulaini ambao wachezaji wanasema wanauhisi mkononi kwa sehemu kubwa huingia kwa sikio, na mbonyeo mkubwa hushusha mlio. Kijana akaomba idondoshwe tena. Akainama, akasikiliza, halafu akauokota ule wa ti.

"Nachukua huu," akasema. "Iko mingapi ya aina hii?"