Deraya za mapaja: Nakala zilivyofichua mzigo wa askari wa kale

ASKARI wa Ulaya wa karne ya 15 aliyevaa deraya kamili alikwenda vitani akiwa na chuma cha kilo 30 hadi 50 mwilini. Sehemu ya uzito huo ilikaa miguuni, na kwa muda mrefu hakukuwa na vipimo vya kuonyesha jinsi ulivyomchosha. Vipimo hivyo vilitolewa mwaka 2011, na vilitokana na nakala zilizotengenezwa upya, si deraya za kale zenyewe.

Deraya ya paja ni bamba la chuma lililofuliwa kwa kufuata umbo la paja. Ilienea Ulaya katika karne ya 14, wakati wahunzi walipoanza kuweka mabamba juu ya mavazi ya pete za chuma na nguo nene zilizojazwa pamba.

Bamba kuu hufunika mbele ya paja, na mara nyingi bamba dogo lenye bawaba hukinga upande wa nje. Nyuma huachwa wazi ili mpanda farasi akae vyema kwenye tandiko. Kwa chini, deraya hiyo huungana na kifuniko cha goti kwa vipande vyembamba vinavyopishana, ili goti likunjike. Kwa juu hufungwa kwa kamba kwenye koti la ndani, na mikanda ya ngozi yenye bizimu huibana pajani.

Deraya za miguu zilizosalia tangu enzi hizo ni chache, na nyingi hazijakamilika. Chuma huliwa na kutu, ngozi huoza na jozi hutengana. Ndiyo maana baadhi ya seti zilizomo katika majumba ya makumbusho zimeunganishwa kwa vipande vya deraya mbalimbali, na mapengo kuzibwa kwa vipande vipya.

Nakala nazo zina historia yake. Katika karne ya 19, matajiri wa Ulaya walipopenda kupamba majumba yao kwa deraya, mafundi walizifua upya kwa wingi. Miongoni mwao ni Ernst Schmidt wa Munich, Ujerumani. Baadhi ya nakala za wakati huo ziliuzwa na wafanyabiashara kama kazi za kale.

Wataalamu huzitambua kwa dalili kadhaa. Bamba la kale lilifuliwa kwa nyundo, hivyo unene wake hubadilika na huwa mkubwa zaidi mahali palipotarajiwa kupigwa. Bamba lililopitishwa kwenye mashine huwa na unene ulio sawa kote. Kwa sababu hiyo, makumbusho makini huandika bayana ni kipande kipi cha kale na kipi ni nakala.

Hata hivyo, nakala iliyotengenezwa kwa uaminifu ina faida ambayo deraya ya kale haina: inaweza kuvaliwa bila hofu ya kuharibu urithi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, Graham Askew wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, na wenzake waliwapima watu waliovaa nakala za deraya za karne ya 15 wakitembea na kukimbia kwenye mashine ya mazoezi, huku pumzi zao zikipimwa.

Matokeo yalionyesha kuwa kutembea ndani ya deraya kulitumia nguvu mara 2.1 hadi 2.3 zaidi ya kutembea bila mzigo. Kukimbia kulitumia mara 1.9.

Gharama hiyo ilizidi hata ile ya kubeba uzito kama huo kiwiliwilini pekee. Watafiti walieleza kuwa chuma kilichofungwa miguuni na mikononi lazima kirushwe mbele na nyuma kwa kila hatua, na tena deraya huzuia mtu kuvuta pumzi sawasawa.

Matokeo hayo yanasaidia kuelewa vita vya Agincourt, Ufaransa, vya Oktoba 25, 1415, ambako askari wa Kifaransa waliovalia deraya walivuka kwa miguu shamba lililolimwa na kulowa mvua kabla ya kuwafikia Waingereza. Chuma kilicholinda mapaja yao ndicho pia kilichoyachosha.