Swali Moja, Majibu Mengi: Historia ya Kuainisha Sababu za Watoto Kuzaliwa Wafu na Vifo vya Watoto Wachanga, kwa Kurejelea Miteremko ya Kilimanjaro

Insha hii inachunguza jinsi sababu za watoto kuzaliwa wafu, na za vifo vya watoto wachanga katika siku 28 za mwanzo, zilivyoainishwa tangu katikati ya karne ya 20. Hoja kuu ni kwamba kila mfumo wa uainishaji huchagua swali lake, na swali hilo huamua ni huduma ipi itakayotazamwa ili irekebishwe.

Mwaka 1954 Dugald Baird na wenzake wa Aberdeen, Uskoti, waliuliza ni tatizo gani la uzazi lililoanzisha mfuatano wa matukio yaliyoishia katika kifo. Mwaka 1980 Wigglesworth, aliyekuwa mtaalamu wa patholojia, alipendekeza makundi machache yanayoweza kutumika hata pasipo uchunguzi wa maiti: mtoto aliyekufa kabla ya uchungu kuanza, mwenye kasoro kubwa ya kimaumbile, njiti, aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, na mwenye sababu nyingine mahususi. Tofauti hiyo si ndogo. Mtoto wa mama mwenye kifafa cha mimba, akifariki katikati ya uchungu, kwa mfumo wa kwanza huhesabiwa chini ya ugonjwa wa mama. Kwa mfumo wa pili huhesabiwa kuwa amekosa hewa. Hesabu ya kwanza huelekeza macho kwenye kliniki ya wajawazito, ya pili kwenye chumba cha kujifungulia.

Mkoani Kilimanjaro, suala hili lilipata msingi mpya wa kitakwimu mwaka 2000, pale Hospitali ya KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, ilipoanzisha sajili ya uzazi kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Bergen. Norwei ilikuwa na sajili kama hiyo tangu mwaka 1967, baada ya maafa ya dawa ya thalidomaidi. Huko Moshi wakunga waliopata mafunzo huwahoji akina mama baada ya kujifungua, na taarifa zao huunganishwa na kumbukumbu za hospitali. Tafiti zilizotokana na kazi hiyo zimeonyesha kuwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa na kuzaliwa kabla ya wakati ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya watoto wachanga hospitalini hapo.

Hata hivyo, sajili ya hospitali si sajili ya mlima. Mama anayepewa rufaa kutoka Marangu husafiri takriban kilomita 40 kufika Moshi. Tafiti nyingi za sajili hiyo huwaondoa akina mama wa rufaa kutoka vijijini, kwa kuwa hatari zao hupotosha wastani. Kitakwimu uamuzi huo ni sahihi. Lakini mama ambaye kuchelewa kwake kungefundisha zaidi ndiye anayeachwa nje. Anayejifungulia nyumbani haingii kabisa.

Ugumu mwingine upo katika dalili yenyewe. Mara nyingi mkunga huamua wakati wa kifo kwa kutazama ngozi: ikiwa imechubuka, mtoto huandikwa kuwa alikufa kabla ya uchungu. Lakini ngozi huanza kuchubuka saa kadhaa baada ya kifo. Uchungu ukiwa mrefu, au safari ikichelewa, mtoto aliyekufa njiani aweza kuandikwa kana kwamba alikufa zamani. Kwa alama moja ya kalamu, dosari ya usafiri au ya huduma ya kujifungua hugeuka kuwa tatizo la mimba. Ushahidi bora ni mapigo ya moyo ya mtoto, yakisikilizwa na kuandikwa mara mama anapopokelewa.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mfumo unaoanza na wakati wa kifo, kisha kuambatanisha sababu ya mtoto na hali ya mama. Mfumo huo haulazimishi kuchagua kati ya Baird na Wigglesworth. Nchini Tanzania, mwongozo wa mwaka 2015 wa ufuatiliaji wa vifo vya uzazi na vya watoto wachanga tayari ulikuwa umezitaka kamati kupitia vifo hivyo na kuchukua hatua. Hata hivyo, kamati haiwezi kusoma kisichoandikwa. Ubora wa uainishaji wowote, kwa hiyo, hutegemea kwanza kile kilichoandikwa katika zahanati ya kijiji kabla ya gari la rufaa kuteremka mlima.