Ndai Yako Imezeeka? Jua Shida Iko Wapi Kabla Fundi Akupige

Ile Toyota 110 ama Nissan B15 umenunua na doh ya jasho haidedi ghafla tu. Gari kuukuu hukuambia mapema, kwa mlio, harufu, moshi, ama taa imewaka kwa dashibodi. Ngori ni kwamba wengi wetu tunapuuza hizo ishara, halafu siku gari imedinda kabisa tunaanza kununua spea kwa kubahatisha. Unabadilisha betri, inagoma. Unabadilisha staata, bado inagoma. Kumbe ilikuwa waya imelegea.

Kwa hivyo shika hii: pima kwanza, nunua baadaye. Anza na kitu cha bei ya chini kabla uruke kwa kitu cha bei ya juu. Breki peke yake ndio haina mambo ya kungojea, na tutafika hapo.

Gari imekataa kuwaka

Zungusha ufunguo na usikize vizuri.

Ukisikia "tik-tik-tik" na taa za dashibodi zinafifia, betri iko chini ama teminali zake ni chafu. Fungua boneti ucheki. Ukiona unga mweupe ama wa kijani kwa teminali, huo unga unazuia moto kupita. Zima kila kitu, toa waya ya hasi (-) kwanza, halafu ya chanya (+). Sugua na maji moto na brashi kuukuu, kausha, kisha rudisha chanya kwanza na hasi mwisho. Kaza. Watu wamenunua betri mpya juu ya huo unga tu.

Ukisikia "tak!" moja na taa bado zinawaka fiti, shuku staata ama waya zake.

Injini ikizunguka poa lakini haishiki, wachana na betri na staata. Hapo kunakosekana mafuta ama cheche ya plagi. Anza na fyuzi ya pampu ya mafuta. Kwa gari nyingi, ukiweka ufunguo kwa ON utasikia pampu ikilia kidogo huko nyuma kwa sekunde mbili hivi. Lakini Toyota kadhaa za zamani pampu huamka injini ikianza kuzungushwa, kwa hivyo kimya pekee si ushahidi.

Betri ama altaneta?

Hapa ndio wasee wengi hupigwa. Tafuta maltimita, ile mashine ndogo ya kupima moto. Bei yake ni kidogo sana ukilinganisha na betri. Gari ikiwa imelala usiku mzima, betri iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.0 kwenda chini, imeisha.

Sasa washa injini upime tena. Inafaa kusoma kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12 na inazidi kushuka, altaneta haichaji ama mkanda wake umelegea. Ukinunua betri mpya bila kurekebisha hiyo, itaisha tu kama ile ya kwanza.

Kuna mafundi hupima altaneta kwa kutoa waya ya betri injini ikinguruma. Usikubali. Kwa gari ya kompyuta, moto unaweza kuruka juu ghafla na kuchoma kompyuta ya injini. Hapo ulikuja na shida ya altaneta, unarudi nyumbani na shida ya gharama kubwa zaidi.

Na fyuzi ikichomeka, rudisha ya ampea ile ile. Ukiweka ya 30 mahali pa 10, ama ufunge kipande cha waya, waya za ndani ndizo zitaungua badala ya fyuzi, na gari inaweza kushika moto. Fyuzi ikichomeka tena na tena, kuna waya imegusa bodi mahali. Hiyo ni kazi ya fundi wa umeme.

Injini inachemka

Uko kwa jam, mshale wa joto unapanda. Zima AC, washa hita ya ndani iwe moto kabisa na feni iwe juu. Utatoka jasho, lakini hita huvuta joto kutoka kwa injini. Mshale ukikataa kushuka, egesha, weka laifseva zako nyuma ya gari, zima injini. Kuendesha "kidogo tu nifike petroli" ndiko huchoma gasketi ya hedi.

Usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa moto. Maji ya ndani yako na presha na yatakuruka usoni. Ngoja nusu saa ama zaidi, mpaka uweze kushika rejeta bila kuungua. Usimwage maji baridi kwa injini moto pia, chuma inaweza kupasuka.

Ikipoa, cheki vitu vinne: kiwango cha kulanti, paipu zinazovuja, feni kama inazunguka, na pampu ya maji. Na ukiambiwa "toa thamostati, gari itakuwa poa", kataa. Injini bila thamostati inachelewa kupata joto lake, inakula mafuta zaidi, na kile kilichokuwa kinachemsha gari bado kiko pale. Maji ya mfereji nayo ni ya dharura tu. Ukizoea kuyatumia, rejeta inashika kutu ndani.

Moshi na mtetemo

Cheki rangi ya moshi:

- Mweupe, mzito, usioisha hata injini ikipata joto: kulanti inaingia ndani ya injini. Fungua kifuniko cha oili. Ukipata kitu kama chai ya maziwa, gasketi ya hedi imechapa. Usiendeshe.
- Wa bluu: injini inachoma oili. Pima oili kila wiki kabla iishe kabisa.
- Mweusi: mafuta ni mengi kuliko hewa. Anza na chujio ya hewa, kisha sensa.

Injini ikitetemeka na kukosa nguvu, anza na plagi, waya za plagi na koili. Taa ya injini ikiwaka bila kupepesa, peleka gari ipimwe karibuni. Ikipepesa ukiwa unaendesha, punguza mwendo na usimame mahali salama.

Toyota nyingi za miaka ya 90 haziingii zile mashine mpya za kusoma kodi. Lakini chini ya boneti kuna kiboksi cha plastiki. Ukiunganisha tundu la TE1 na E1 kwa kawaya na ufunguo ukiwa ON, taa ya injini itapepesa kodi unayoweza kuhesabu. Soma herufi zilizo kwa kifuniko mara mbili kabla ya kuunganisha. Kama huna uhakika, mwachie fundi.

Breki: hapa hakuna kungojea

- Mlio mkali ukikanyaga: pedi zinaelekea kuisha. Zikibaki milimita 3, badilisha.
- Mkwaruzo wa chuma kwa chuma: pedi ziliisha, sasa unakula diski. Lala hapo, usiende na hiyo gari.
- Pedali laini kama sponji: kuna hewa ndani ya mfumo.
- Pedali inazama mpaka chini: kuna mahali panavuja ama masta silinda imechoka.
- Gari inavuta upande mmoja: kalipa imekwama.
- Usukani unatetemeka ukikanyaga: diski haziko sawa.

Maji ya breki yakishuka, usiongeze tu ukaendelea. Labda pedi zimeisha ama kuna mahali panavuja. Tumia DOT 3 ama DOT 4 kulingana na kile kimeandikwa kwa kifuniko. Usiweke oili ya injini hata tone, hufurisha raba na breki zinakufa. Badilisha hayo maji kila miaka miwili hivi, kwa sababu huvuta unyevu kutoka hewani na unyevu huo huchemka breki zikipata joto.

Ukiteremka Mai Mahiu, ingiza gia ya chini kabla mteremko uanze. Ukiegemea breki njia yote zitapata joto na kuacha kushika. Zikikataa kabisa, pampu pedali haraka haraka, shusha gia moja moja, vuta handbreki polepole, washa hazadi na upige honi.

Ukifika kwa fundi

Usimwambie "nibadilishie altaneta". Mwambie dalili: "Betri inasoma 12.1 gari ikiwaka, na ilianza juzi." Fundi akijua umepima, hatakubahatishia. Uliza amejuaje kwamba hiyo spea ndiyo imekufa, na mwambie kabla aanze kwamba ile ya zamani unarudi nayo. Ukienda Kirinyaga Road kutafuta spea, beba hiyo ya zamani mkononi, linganisha tundu kwa tundu, na upate risiti kabla utoe doh.